Siku Niliyojihamishia Mountain View

Kama asubuhi ile ulikuwa umewasha redio, ukasikia mwanamke akihangaika kutafuta chumvi ndani ya kabati la viatu, ukacheka mpaka chai ikakupalia, basi mwanamke huyo ni mimi. Najua mlicheka. Dada yangu mwenyewe kule Bungoma alisikia kipande hicho tu, akacheka, akanipigia simu kunisimulia habari za "mama fulani mjinga wa Nairobi" kabla hajajua anamsimulia nani. Aibu hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeenda nayo dukani kununua unga, na sasa imepoa kiasi cha kuweza kuieleza, lakini hasira haijapoa hata kidogo, kwa hivyo mkinisikia nikipandisha sauti katikati ya maneno mnivumilie.

Jina langu ni Nekesa. Naishi Mutuini, upande wa Dagoretti, kwenye ploti ya nyumba za kukodisha zilizoota katikati ya shamba la mahindi la mwenye nyumba, mimi na mume wangu, Baba Ivy, na watoto wetu watatu, wa mwisho bado wa kubebwa mgongoni. Zamani nilikuwa nakaa mapokezi kwenye ofisi moja mjini. Wa pili alipozaliwa tukakaa chini na Baba Ivy tukapiga hesabu, tukaona mshahara wangu wote unaishia kwa nauli na kwa mtu wa kumshika mtoto, tukakubaliana nibaki nyumbani. Tulikubaliana sisi wawili, tena yeye ndiye aliyesema kwanza.

Sasa, siku ya kwanza ya mkosi wangu nilikuwa nafua. Redio nilikuwa nimeiweka dirishani, na mtangazaji wa asubuhi, kijana mmoja wa maneno mengi anayeitwa Tito, akatangaza mada ya siku: mke wa nyumbani siku hizi, ni kazi ama ni likizo? Mimi nikaendelea kusugua kola. Akapiga simu mwanamume mmoja, sauti imeshiba, akasema, "Tito, mimi natoka asubuhi namwacha kwa kochi, narudi jioni nampata kwa kochi, halafu ananiambia amechoka. Amechoka na nini? Kochi?" Wakacheka studio nzima. Nikasugua kola ile kwa nguvu zaidi (shati la Baba Ivy, jeupe, lile la kuvaa wakubwa wakitembelea ofisi).

Akafuata mama mmoja wa Dagoretti. Hata hakumaliza kujitambulisha vizuri, Tito akamkata, "Dagoretti kwa vichinjio? Mama, umekaa nyumbani ama umekosa kazi?" Kicheko tena. Yule mama akababaika, simu ikakatika. Halafu akaja mwingine, huyu anapiga kutoka mitaa ya wenye nazo, anaongea polepole kama mtu asiye na sufuria jikoni, akasema ameacha kazi ili alee wanawe. Mnajua Tito alimwambia nini? "Huo ni uamuzi wa busara sana, mama, hongera." Hongera! Kazi ni ile ile, matapishi ya mtoto ni yale yale, lakini mmoja amechagua na mwingine amekosa, na tofauti yao ni mtaa tu. Niliacha nguo kwenye beseni, nikajifuta povu kwa leso, nikashika simu.

Iliingia mara ya kwanza. Nilitegemea ningengoja nikipoa kidogo, kumbe wapi, msichana wa studio akapokea akiwa na haraka, "Jina lako na unapiga kutoka wapi?" Hapo sasa. Mutuini ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nikamkumbuka yule mama wa Dagoretti alivyochekwa, Mutuini ikarudi kooni, na kilichotoka ni, "Mama Tabitha, kutoka Mountain View." Sina mtoto anayeitwa Tabitha. Mountain View huwa naenda kumtembelea binamu yangu, nikifika navua viatu mlangoni kwa sababu ya zulia. Lakini nilisema, na uongo ukishatoka huwezi kuuita urudi ndani kama kuku.

Nikaunganishwa. Na hapa nitajisifu kidogo, kwa sababu baada ya hapa sitapata nafasi nyingine ya kujisifu. Nilisema vizuri. Nilisema, "Tito, huyo bwana wa kochi, hebu muulize shati alilovaa leo lilijipiga pasi lenyewe? Muulize mwalimu wa mtoto wake anaitwa nani. Muulize mtoto huyo akikohoa usiku, dawa iko wapi. Mtu akipika hotelini anafanya kazi. Akifua kwa dobi anafanya kazi. Akichunga watoto kwenye nasari anafanya kazi. Akikaa na mgonjwa hospitalini anafanya kazi. Mimi nafanya hizo zote, halafu jioni naulizwa nimeshinda nikifanya nini. Nataka mtu aniambie, kwa nini kazi ikiingia mlangoni kwangu inabadilishwa jina?"

 Tito, yule Tito ambaye hajawahi kukosa neno, alikohoa. Akasema, "Mama Tabitha, umetumaliza." Halafu akapata nguvu tena, akasema hewani, mbele ya nchi nzima, kwamba kesho yake mwenzake Sheila atakuja kwangu Mountain View na kipaza sauti, apike na mimi chakula cha mchana moja kwa moja redioni, wasikilizaji waone kazi yenyewe. "Utatukaribisha, mama?"

Mtu mwenye akili angekata simu aseme ni mtandao. Mimi nikasema, "Karibuni sana."

Bado nilikuwa na nafasi ya kujiokoa. Mchana wote nilijiambia nitapiga nikatae, nitasema nina matanga, nitasema nyumba imefurika maji. Lakini jioni Baba Ivy akarudi. Nikamwekea maji ya kunawa, nikampakulia, akakaa pale akimega ugali, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona maajabu.

"Leo umekosa kitu," akaniambia. "Kuna mama fulani wa Mountain View amepiga redio. Wewe, ofisi nzima ilinyamaza! Hata mkubwa alitoka kwake akaja kusimama karibu na redio. Huyo ni mwanamke anajua kujieleza."

"Alisema nini?" nikamuuliza, nikiwa nimegeukia sufuria ili asiuone uso wangu.

"Mambo ya kazi za nyumbani. Lakini alivyozipanga! Unaona, hao ni watu wamesoma." Akatafuna kidogo. "Wewe saa hiyo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafua."

"Ah," akasema, akaniomba nimwongezee mboga.

Nisikilizeni vizuri. Sauti hii anayoamka nayo na kulala nayo, leo imemfurahisha kwa sababu imetoka Mountain View! Nilimwongezea mboga, na wakati naiongeza niliamua: kesho Sheila atakuja, na kesho nitapika, na nikimaliza nitamwambia huyu bwana ni nani aliyekuwa anajieleza. Nilijiona tayari. Nilikuwa hata nimechagua kitambaa cha kichwa.

Nikampigia binamu yangu Naliaka, huyo wa Mountain View, ambaye yeye na mumewe Kamau wote wameajiriwa mjini na mchana nyumba inabaki tupu. Msichana wake wa kazi alikuwa ameenda kwao matangani. Naliaka alicheka kwanza, halafu akasema, "Sawa. Ufunguo nitaachia soja wa getini. Lakini Nekesa, tafadhali, nikute nyumba vile nilivyoiacha, na usichome sufuria zangu." Nikaapa, nikawatumia watu wa redio maelekezo ya nyumba.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Ningefika mapema, nizungukezunguke jikoni, nijue kijiko kiko wapi na kisu kiko wapi, Sheila akifika anikute nimetulia kama mwenye nyumba. Lakini asubuhi mtoto wa mgongoni akaamka na joto, nikampa dawa, nikangoja joto lishuke, nikamwacha kwa jirani yangu Mama Shiro nikimwelekeza mambo mia, mwenye boda naye akasimama njiani kuweka mafuta, na nilipofika kwenye geti la Naliaka nikiwa na kikapu cha sukuma, nyanya, vitunguu na unga, nilimkuta msichana mrembo amevaa vidude vya masikioni, begi begani, ananiita kwa tabasamu, "Mama Tabitha? Mambo! Nimekuja mapema kidogo."

Soja akanitazama. Mimi nikamtazama soja. Akanipa ufunguo bila kusema neno (Mungu ambariki), na nikapanda ngazi na Sheila nyuma yangu, nikajaribu ufunguo upande mmoja, nikajaribu upande wa pili, nikasukuma mlango, kumbe ni wa kuvuta.

"Naona mlango unakusumbua," Sheila akasema.

"Umeanza juzi tu," nikasema.

Jiko la Naliaka linang'aa kama hospitali. Kabati juu, kabati chini, yote meupe, yote yamefungwa, hakuna hata moja linalosema ndani kuna nini. Kwangu vitu vyangu viko wazi kwenye rafu, naviona vyote nikiwa nimesimama mlangoni. Nikaweka kikapu juu ya kaunta, nikafunga leso kiunoni, na kabla sijavuta pumzi Sheila akainua kidole, akasikiliza studio, akasema, "Tuko hewani! Wasikilizaji, nimeingia jikoni kwa Mama Tabitha, na niwaambie, huyu mama anaishi vizuri!"

Kutoka kwenye simu yake nikasikia sauti ya Tito, "Mama Tabitha, sasa tuonyeshe hiyo kazi!"

Nikaanza. Sukuma nilikatakata vizuri, hapo hakuna mtu wa kunifundisha, Sheila akawa anasifu kisu kinavyokwenda, na mimi naeleza: mboga hii unaamua jana jioni, si leo, kwa sababu lazima ujue nani hali kitunguu, nani anatoka shule na njaa. Nilikuwa naanza kupata mwendo. Halafu ikaja saa ya kuwasha jiko. Nikatafuta kiberiti. Nikafungua droo, vijiko. Nikafungua nyingine, taulo. Sheila akaniangalia, akasema taratibu, "Mama, si hiyo ni ya kubonyeza?" Nikabonyeza. Moto ukashika. "Huwa nasahau," nikasema, nikacheka kicheko kirefu kuliko lazima.

Vitunguu vikakaanga, nyanya ikaiva, sukuma ikaingia. Nikahitaji chumvi. Kila kitu nilikuwa nimebeba kutoka Mutuini ila chumvi, kwa sababu ni nyumba gani haina chumvi? Nikafungua kabati la kwanza, sahani. La pili, vikombe. La tatu, sahani nyingine (watu wawili, sahani zote hizo za nini?). Na Sheila, badala ya kuzungumzia hali ya hewa, akawa anatangaza: "Mama anafungua kabati nyingine... hapana, hiyo ni ya vikombe... sasa anainama... Mama, unatafuta nini?"

"Chumvi tu."

"Anatafuta chumvi, wasikilizaji!"

Kando ya mlango wa jikoni kulikuwa na kabati refu, jeupe kama mengine. Nikalivuta kwa imani yote. Viatu. Viatu vya Kamau, vya Naliaka, vya mvua, vya harusi, vimepangwa kutoka juu mpaka chini. Kule studio nikamsikia Tito, "Sheila, tuambie ameona nini." Na Sheila, ambaye nadhani kwa kweli alikuwa ananihurumia lakini kazi ni kazi, akasema, "Tito... ni viatu."

Hapo ndipo chai zenu zilipowapalia.

Nikageuka, na macho yangu yakaangukia mkebe mdogo kando ya birika, ndani kuna kitu cheupe cha chembechembe. Sikuonja. Mpishi yeyote huonja, mimi hata maji ya uji huonja, lakini nilikuwa nataka tu kicheko kile kikome. Nikatia kijiko, nikaongeza, nikakoroga, nikafunika kwa heshima. Baadaye kidogo Sheila akachukua uma, akawaambia wasikilizaji kwamba sasa anaonja mkono wa mama, akatia mdomoni. Akanyamaza. Redioni ukimya ni kitu kibaya sana.

"Mama Tabitha," akasema, "hii sukuma ni ya keki?"

Nilikuwa bado natafuta jibu mlango wa chumba cha kulala ulipofunguka. Mnielewe, mimi nilijua nyumba ni tupu, Naliaka naye alijua nyumba ni tupu. Kumbe Naliaka alipotoka alfajiri, mumewe alibaki kumpokea mama yake aliyekuja kutoka Kikuyu kwa miadi ya kliniki ya alasiri, akamlaza apumzike, akaenda zake kazini bila kumwambia mkewe. Akatoka bibi mzee mrefu, cucu kama Wakikuyu wanavyosema, amejifunga shuka, ameamshwa na kelele, akasimama akinitazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka miguuni.

"Wewe ndio ule msichana mpya?" akaniuliza.

Sheila akasogeza kipaza sauti. Sikumwambia asogeze. Alisogeza.

"Shikamoo, cucu," nikasema, maana nini kingine.

"Nauliza, wewe ndio msichana mpya wa kazi? Na mbona umefungua makabati zote? Nani amekuambia ufungue makabati za mwenye nyumba?"

"Mama Tabitha, huyu ni nani?" Sheila akauliza.

"Ni mama mkwe," nikasema. Sijui kwa nini. Lilikuwa neno la karibu.

"Mkwe wa nani?" cucu akapaza sauti. "Kijana yangu ni Kamau! Bibi ya Kamau namjua! Nilikuwa kwa ruracio, tukimlipia mahari! Wewe ni nani, na huyu msichana na hii waya ni wa nini?"

Studio ilikuwa imepasuka. Nilisikia hata mlio ule wa kicheko cha mashine wanaouweka mtu akisema upuuzi. Na ghafla, hapo katikati ya jiko la watu, aibu ikafika mahali ikaisha, ikabaki hasira peke yake. Nikaukamata mkono wa Sheila wenye kipaza sauti nikasema, "Mimi naitwa Nekesa! Naishi Mutuini! Nyumba hii si yangu, lakini niliyosema jana ni ya kweli, kila neno, na nyumba yangu naijua kama..."

"Kumbe mama hana hata hiyo nyumba ya kukaa!" Tito akaruka juu ya sauti yangu. "Wasikilizaji, nilisema mimi! Ni likizo!" Wimbo ukaingia.

Walinikata kabla sijamaliza. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Kosa langu walilipatia muda wote waliotaka, kabati baada ya kabati, lakini sentensi moja ya maana ikakosa nafasi. Tena tazameni walichokithibitisha: kwamba mtu akiingizwa jiko asilolijua hawezi kuona chumvi. Mpelekeni Tito studio ya watu wengine, mfungieni swichi zote ndani ya makabati meupe, tuone kama ataipata ya kuwashia kipaza sauti.

Sheila akakunja waya zake pole pole. Akaniambia, "Mama, mbona hukusema tu Mutuini? Ningekuja."

"Ungekuja?"

Akafikiri. Msichana wa watu ni mkweli. "Mimi ningekuja," akasema. "Sijui kama Tito angekubali."

Akaenda. Mimi nikabaki na cucu, na hapo pia nilidhani nitaeleza, nitasema mimi ni binamu, nitapewa kiti. Nilieleza. Alisikiliza akaelewa nusu, akasema sawa, kwa vile uko, nitengenezee chai. Nikatengeneza (sukari sasa niliijua iko wapi). Nikaosha sufuria, nikapangusa kaunta, nikafunga makabati, nikaingiza sukuma ile tamu ndani ya mfuko nikaitupe mbali. Nikiwa mlangoni cucu akanionyesha dirisha la sebuleni, "Na hizo madirisha je? Zina vumbi." Nikaweka kikapu chini, nikaosha madirisha. Ungefanya nini?

Naliaka alinipigia nikiwa bado njiani, na sitarudia yote aliyosema, lakini alisema mama mkwe ameshamwambia kwamba anaajiri wasichana waongo. Halafu, hasira ilipompungua, akasema kitu kilichonikaa: "Wewe Nekesa, huyo msichana wangu nikimwambia hafanyi kazi, si atanishtaki kwa chifu? Na kazi zake ni hizo hizo zako."

Mutuini walikuwa wamesikia. Vijana wa boda kwenye stegi wanapoegesha pikipiki walisimama wakanipigia saluti, "Mama Sukari!" Mama Shiro alinirudishia mtoto (joto limeshuka, ameshiba, amelala) akitazama ukutani ili asicheke. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaanza ugali wa jioni, kwa sababu hata mtu aaibishwe mbele ya taifa zima watoto watarudi na njaa.

Baba Ivy alirudi mapema kuliko kawaida. Hakuvua viatu. Alikaa, akaweka mikono kwenye magoti.

"Walinijua," akasema. "Ulipotaja Nekesa, ukataja Mutuini, wote wakageuka kunitazama."

"Pole."

"Mkubwa aliniita. Anauliza, si uliniambia mke wako anatafuta kazi?"

Nikaacha mwiko ndani ya ugali. "Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza siku nyingi sana, Mama Ivy. Tangu huyu wa pili. Watu huuliza. Nikasema unatafuta. Ni kitu ya kusema tu."

 Miaka yote hiyo, huko mjini, kuna Nekesa mwingine aliyekuwa anazunguka na bahasha mkononi akibisha milango ya maofisi na kurudi bila kitu, na mume wangu ndiye aliyemtuma. Huyu wa hapa, aliyepiga pasi shati alilolivaa wakati anayasema hayo, hakuwepo kabisa.

"Natafuta kazi saa ngapi, Baba Ivy?" nikamuuliza. "Niambie saa, na mimi nijue. Nikiwa foleni ya maji? Nikiwa kliniki na mtoto? Jana umekula hapo ukimsifu mwanamke wa Mountain View. Alikuwa ni mimi! Mikono ikiwa na povu la shati lako! Ulisema amesoma!"

 Nilingoja aseme samahani. Hakusema, siwadanganyi ili hadithi iwe tamu. Alisema, "Sasa ningewaambia nini?"

"Ungewaambia nafanya kazi. Halafu wakiuliza wapi, ungewaambia kwako."

Ugali ukaungua upande mmoja. Tuliula hivyo hivyo, naye akala ile sehemu nyeusi bila kuitoa, na alipomaliza akaosha sahani yake. Sijui ilikuwa ndiyo samahani yenyewe. Niliihesabu nusu.

Redio sikupiga tena, na wao hawakunipigia. Kile kipande cha viatu walikirudia, wakakirudia, nimeambiwa. Ile hotuba yangu ya siku ya kwanza, iliyonyamazisha ofisi nzima, sijasikia mtu akisema imerudiwa.

Jumapili iliyofuata nilitaka kubaki nyumbani, nikaona nikibaki ndio watasema. Baada ya ibada kina mama tukabaki kwa mkutano wetu, kulikuwa na wageni, na mwenyekiti akasema kila mtu asimame ataje jina, anakotoka na kazi yake. Wakaanza mstari wa mbele. Muuguzi. Mwalimu. Anauza nguo Kawangware. Ana nyumba za kukodisha. Mama mmoja mbele yangu, ninayemjua, ana watoto wengi na anamtunza baba mkwe asiyeweza kutoka kitandani, akasimama nusu, akasema, "Mimi niko tu," akakaa haraka. Niko tu! Nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe siku ile kati ya makabati.

Nimeapa, na mko mashahidi, kwamba sitajihamisha tena hata kwa mdomo. Nilisimama wima, nikasema, "Naitwa Nekesa. Natoka Mutuini. Kazi yangu ni nyumba yangu." Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo, kicheko kikapita viti kwa viti, na mwenyekiti akaniashiria kwa mkono kwamba nikae, amenisikia. Sikukaa. Nilibaki nimesimama pale, mtoto mgongoni, nikiwatazama mmoja mmoja, mpaka wote wakanyamaza.